Simu Inajua Goli, Haijui Ulikaa Wapi

Msimu wa 2024/25 uliwafuta machozi watu waliokwisha kuzoea kulia. Newcastle walichukua Kombe la Ligi la Uingereza tarehe 16 Machi 2025, kombe lao la kwanza la nyumbani tangu 1955. Bologna wakaifunga Milan 1–0 tarehe 14 Mei na kulirudisha Kombe la Italia lililowapotea tangu 1974. Siku tatu baadaye Crystal Palace, klabu ambayo haikuwahi kubeba kombe kubwa hata moja, ikailaza Manchester City kwenye fainali ya Kombe la FA kwa goli la Eberechi Eze. Tottenham wakafuata tarehe 21 kwa Kombe la Europa, na mwisho wa mwezi PSG wakaipiga Inter 5–0 mjini Munich kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa. Kwenye baraza za Lamu na Malindi kila fainali mpya ilifukua ya zamani: Barcelona 1999, Istanbul 2005, Munich 2012, na kwa wenye umri wao, Kasarani 1987. Kuna jambo moja lakini ambalo zamani halikuwapo. Mzee akifungua kinywa, kijana anafungua simu. Mzee anasema goli la pili lilifungwa kwa kichwa, simu inaonyesha mguu, kicheko kinapigwa, na kisa chote kinatupwa pamoja na lile goli.

Wengi wanalisifu jambo hili kama ukweli kuishinda porojo. Nadhani wamelielewa vibaya. Simu ni shahidi wa uwanjani, na kwa mambo ya uwanjani haina mpinzani. Anachokumbuka shabiki wa Lamu kuhusu fainali ya Istanbul kina nusu mbili: iliyotokea Istanbul na iliyotokea Lamu. Nusu ya kwanza imehifadhiwa mara elfu na haimhitaji mzee yeyote. Ya pili haimo kwenye video yoyote, na ina vipimo vyake: saa, mwezi, stima, mvua, mafuta ya jenereta. Anayetumia kipimo cha nusu ya kwanza kuihukumu ya pili anapima unga kwa pishi lisilo lake.

Tuanze na saa, maana ndiyo inayoumbua na kuokoa watu wengi. Ukitaka kujua fainali ilianza lini kwetu, chukua saa ya Uingereza uongeze mbili wakati wa kiangazi chao, tatu wakati wa baridi yao. Ulaya ya kati ongeza moja kiangazi, mbili baridi. Wao hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Fainali ya Newcastle na Liverpool ilipigwa tarehe 16 Machi, kabla ya mabadiliko, kwa hiyo mpira wa saa 10:30 jioni ya London ulianza saa 1:30 usiku huku. Ilikuwa Ramadhani. Lamu jua lilizama kama saa 12:28, watu wakafuturu, na dakika kumi hivi baada ya mpira kuanza ikaadhiniwa isha. Dan Burn alifunga mwisho wa kipindi cha kwanza, yaani saa 2:15 hivi, na Alexander Isak dakika ya 52, karibu na saa 2:40. Aliyesali tarawehe rakaa ishirini kwa jamaa alitoka na kukuta Liverpool wanahangaika, na pengine akaliona goli lao la dakika za nyongeza, la Chiesa. Akikuambia leo kwamba aliona kichwa cha Burn kikiingia "laivu" na pia kwamba hakukosa tarawehe hata usiku mmoja, kimoja kati ya viwili hivyo kimetoka kwenye marudio. Si lazima awe mwongo. Marudio aliyaona usiku uleule, na akili imeyaunganisha.

Hesabu hiyohiyo humwokoa mwingine. Fainali ya Palace, tarehe 17 Mei, ilianza saa 12:30 jioni yetu. Magharibi ya Lamu katikati ya Mei huingia kama saa 12:15. Goli la Eze lilikuja dakika ya 16, yaani saa 12:46. Mtu aliyesali magharibi msikitini kisha akafika mbele ya skrini kwa wakati hasemi jambo la ajabu, mradi skrini iwe jirani na msikiti na asiwe amekaa sana kwenye nyuradi. Simu haiwezi kulijua hilo. Linajulikana kwa kujua alisali wapi na alitazama wapi, na kwa kuutembea mwendo huo kwa miguu.

Istanbul inastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu ndiyo fainali inayosimuliwa kuliko zote na ndiyo iliyojaa mitego. Ilikuwa Liverpool na Milan, Jumatano, tarehe 25 Mei 2005. Saa ya Uturuki wakati ule ilikuwa sawa na yetu, mpira ukaanza saa 3:45 usiku. Paolo Maldini alifunga kabla dakika moja haijakatika, Hernán Crespo akaongeza mawili, na mapumziko yakafika Milan wakiongoza 3–0, yapata saa 4:30. Kisha Gerrard dakika ya 54, Šmicer ya 56, Alonso ya 60 baada ya penalti yake kurudishwa. Muda wa ziada ulianza karibu na saa sita kasorobo, na Jerzy Dudek alipoizuia penalti ya Shevchenko ilikuwa inaelekea saa sita na nusu, tarehe imeshageuka. Sasa chukua jenereta ndogo ya petroli, ile ya kilowati moja iliyokuwa ikiendesha televisheni na dikoda kwenye banda la video. Hunywa nusu lita hivi kwa saa, na zaidi kidogo ikiwa imechakaa au imefungiwa feni na taa juu yake. Mwenye banda anayepima mafuta kwa mpira wa dakika 90 huanza kuwasha saa tatu kwa ajili ya maandalizi na kukata tikiti, na hutia lita moja na nusu akijua atamaliza saa tano na nusu, na akiba ya nusu saa juu. Muda wa ziada unapoingia, tangi liko karibu kavu. Ndiyo maana visa vya "jenereta ilizima penalti zikianza" vinasikika kutoka Faza hadi Maweni. Kijana anavicheka kwa kuwa vinafanana mno. Vinafanana kwa sababu chanzo ni kimoja, na chanzo chenyewe kinahesabika.

Hata hivyo Istanbul ina kisa kimoja cha kuangaliwa kwa jicho kali: "Hakuna aliyeondoka." Kwa jinsi kinavyosimuliwa, mabanda yote ya pwani yalibaki yamejaa mapumzikoni, Liverpool wamefungwa matatu, siku ya kazi, saa nne na nusu usiku. Haiwezekani. Anayedai alibaki asiulizwe magoli, maana magoli ameyaona mara hamsini tangu hapo. Aulizwe nani alinyanyuka, nafasi ile alikalia nani, na njiani kurudi nyumbani alikutana na nini. Aliyelala akaamshwa na kelele hana majibu ya hayo, ila ana jibu zuri zaidi: kelele zilitokea upande gani wa mtaa.

Malindi ina mtego wake. Mji umeishi na Waitaliano kwa miongo, tangu kituo cha San Marco kule Ngomeni miaka ya sitini na hoteli zilizofuata. Kiitaliano kinazungumzwa ufukweni, na jezi za Milan, Inter na Juventus zilikuwapo mitaani hata kabla ya dishi kuingia kila mtaa. Ndiyo sababu fainali ya 2005, ile ya Athens 2007 ambako Inzaghi alilipa kisasi kwa magoli mawili, na ya Inter 2010 huko Madrid ambako Diego Milito alifunga yote mawili, husimuliwa Malindi kama sherehe za Waitaliano waliojaa barabarani. Tazama kalenda kwanza. Fainali hizi zilikuwa Mei. Mei ni masika, kusi limeshika bahari, hoteli nyingi za Malindi zimefunga tangu baada ya Pasaka na wageni wameshapanda ndege. Hubaki wakazi wachache wa kudumu na wafanyakazi Waswahili na Wagiriama waliojifunza kuipenda Milan jikoni na bustanini. Nikisikia "Waitaliano walijaa", nashuku kumbukumbu ya Julai 2006, wakati Italia ilipochukua Kombe la Dunia na wageni wameanza kurejea, imemwagikia juu ya Mei 2007. Na walioshangilia Mei wakawa hawatajwi kabisa, ilhali walikuwa watu wa mji wenyewe.

Masika yana jingine. Mawimbi ya dishi dogo hunyweshwa na matone mazito: wingu likitanda kati ya dishi na setilaiti, picha inakatika vipande, kisha inaganda, kisha yanabaki maandishi ya kutafuta mawimbi. Mvua ikipungua hurudi yenyewe. Kupanda juu ya paa kuligeuza dishi wakati huo ndiyo kosa linaloharibu usiku mzima, maana likishasogea nyuzi mbili tatu halirudi hata mvua ikikatika. Msimulizi anayesema "fulani alipanda paani, na baada ya hapo hatukuona tena" ametaja mfuatano ambao fundi yeyote wa dishi ataukubali.

Hoja nzito zaidi ya walio upande wa simu inatoka kwa wanasaikolojia, na haifai kupuuzwa. Baada ya chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kulipuka Januari 1986, Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwaandikisha wanafunzi jinsi walivyoipata habari, siku iliyofuata. Wakawauliza tena kama miaka miwili na nusu baadaye. Wengi walikosea mambo ya msingi huku wakiwa na yakini kamili, na kosa lililojitokeza sana lilikuwa kusema waliiona habari kwenye televisheni wakati mwanzo waliandika kuwa waliambiwa na mtu. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya fainali. Aliyesikia redioni, picha ikimfikia baadaye, hubaki na picha na kuisahau redio. Kwa hiyo wanaosema mzee hujichanganya wako sawa. Wanapokosea ni kudhani kwamba kujichanganya kunatokea ovyo. Kosa lina njia yake, na ukiijua njia unaweza kurudi nayo kinyumenyume: kumbukumbu inaelekea kwenye picha, kwa hiyo kitu kisicho na picha, kama harufu ya dizeli au mtu aliyekuwa akitafsiri Kiingereza cha mtangazaji, kina uzito zaidi kama ushahidi kuliko goli lililosimuliwa vizuri.

Upande wa pili wako wanaosema mzee asikatizwe, kisa ni chake. Adabu ni adabu, lakini kisa kisichoulizwa huota mabawa. Fainali ya Gor Mahia 1987 ndiyo mfano. Lilikuwa Kombe la Washindi la Afrika, likiitwa Kombe la Mandela, na Mandela mwenyewe bado yuko gerezani. Gor walitoka 2–2 na Espérance kule Tunis, kisha 1–1 Kasarani, uwanja uliokuwa mpya mwaka huo. Peter Dawo alifunga, nahodha Austin Oduor akanyanyua kombe, na mpaka leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyochukua kombe la bara. Kisa kinachosikika Kisumu Ndogo ya Malindi mara nyingi husema Gor "walishinda Kasarani". Hawakushinda, walitoka sare. Kombe lilipatikana kwa magoli ya ugenini, mawili ya Gor dhidi ya moja la Espérance, kanuni ileile iliyowanyima Yanga mwaka 2023, walipofungwa na USM Alger 2–1 Dar es Salaam, wakashinda 1–0 Algiers, na kombe likabaki Algeria. Msimulizi wa kweli wa 1987 hujulikana hapo: atakumbuka kwamba kipenga cha mwisho kilipolia kulikuwa na watu wasioelewa kama washangilie au wangoje penalti, na kwamba lazima awepo mtu wa kueleza. Alama nyingine ni sauti. Karibu kila anayekumbuka mpira wa redio wa miaka ile husikia sauti ya Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, hata kwenye mechi iliyotangazwa na mwenziwe. Jina kubwa huvuta visa vya majina madogo. Usimkatalie, muulize tu redio ilikuwa ya nani, na betri zilitoka wapi. Wakati ule betri zikichoka zilianikwa juani zipate nguvu ya kumalizia, na aliyetumwa kuzianika hasahau.

Imebaki hoja dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayopigiwa makofi: kwamba haya ni makombe ya Wazungu, hayatuhusu, bora tukumbuke ya kwetu. Kwanza ya kwetu hatuyakumbuki hata bila Wazungu. Bandari ya Mombasa, klabu ya pwani hii hii, ilichukua Ngao ya Kenya mwaka 2019 kwa kuifunga Kariobangi Sharks 3–1, na ni wachache Lamu watakaokutajia hata mwaka. Liverpool waliochukua Ulaya tarehe 1 Juni 2019 wanatajwa mpaka dakika, Salah ya pili kwa penalti, Origi ya 87, na sababu si Uzungu. Fainali ile ilianza saa nne kamili usiku, mwishoni mwa Ramadhani, tarawehe imekwisha na daku bado, mji uko macho. Mwaka mmoja nyuma, 2018, Salah aliteguliwa bega na Ramos katika nusu ya kwanza kule Kyiv, nayo ilikuwa Ramadhani. Hizo ni kumbukumbu za Ramadhani za mji wa Waislamu zilizoshikizwa kwenye mpira wa kigeni kama kanzu kwenye msumari. Ukiung'oa msumari, kanzu inaanguka. Na kuna nyakati mpira ni jina tu la jambo jingine: mtajie mtu wa Mpeketoni, mji wa Lamu upande wa bara, Kombe la Dunia la 2014, hakuna atakayekuambia habari za Ujerumani. Watu walikuwa wakitazama mechi usiku wa Juni 15 wauaji walipoingia.

Kafyu ya korona inafundisha hivyohivyo kwa upole zaidi. Fainali ya tarehe 29 Mei 2021, Chelsea wakiifunga City kwa goli la Kai Havertz dakika ya 42, ilianza saa nne usiku wa Kenya. Kafyu nayo ilianza saa nne. Shabiki wa Chelsea anayekumbuka ukumbi umefurika hadi nje usiku huo amekopa usiku wa Mei 2012, Drogba na Munich, akaupa goli la Havertz. Aliyetazama kweli 2021 alitazama nyumbani kwa mtu na kulala hapo hapo, au alipita vichochoroni akizima tochi.

Anayetaka kuandika visa hivi basi afanye kwa mpango. Aanze na mahali na watu, magoli yawe ya mwisho, na simu isitolewe mpaka mtu amemaliza, kwa sababu ukimwonyesha goli kwanza, saa nzima inayofuata atakusimulia video. Wawili waliokaa pamoja waulizwe mbalimbali. Wakitofautiana kuhusu mfungaji si kitu, wakitofautiana kuhusu nyumba kuna tatizo. Majibu yaandikwe kwa maneno yao, pamoja na makosa, halafu pembeni ndipo ziwekwe saa ya kuanza, mwezi wa Kiislamu na hali ya stima. Kwa Lamu swali la stima lina uzito wa pekee, kwani mpaka miaka ya katikati ya 2010 kisiwa kilitegemea jenereta za dizeli kabla ya laini ya Rabai, Malindi na Garsen kufika. Picha zichunguzwe jezi. Liverpool ya usiku wa Istanbul ilikuwa Reebok yenye Carlsberg kifuani. Jezi ya adidas yenye Carlsberg ni ya kabla ya 1996 au baada ya 2006, hivyo anayeishika kama picha ya usiku ule ameshika picha nyingine. Nzuri pia, iandikwe tarehe yake.

Hata fainali za sasa zinahitaji kazi hiyo, kinyume na wanavyodhani vijana. Mwaka 2025 nyumba mbili za kichochoro kimoja cha Langoni, Lamu, hazikuona goli kwa wakati mmoja: ya dishi huona kwanza, ya simu yenye bando hufuata baada ya nusu dakika au zaidi. Mwenye simu alisikia goli la Brennan Johnson la Tottenham ukutani kabla halijafungwa mkononi mwake. Hilo halikurekodiwa popote, na baada ya miaka ishirini atasema aliliona.

Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Kasarani alitimiza 58 mwaka 2025, na aliyekuwa mtu mzima na redio yake mwenyewe ni mzee sana au hayupo. Mwaka 2027 Kenya, Tanzania na Uganda zinaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, na waandishi watamiminika pwani kutafuta "mashabiki wa zamani" kwa dakika mbili za televisheni. Watawauliza magoli.